Moto wa Ndani Usio na Dohani

Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila mwaka baridi inapoingia, nalo ni kuota moto ndani ya nyumba iliyofungwa. Sisi tunaoishi nyanda za juu, kuanzia Mufindi na Njombe hadi Makete, tunaijua vizuri baridi ya Juni na Julai. Kule Kitulo kuna asubuhi ambazo nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda. Basi jioni jiko la mkaa huingizwa chumbani, na siku hizi, kwa wenye uwezo, huwashwa hita ya gesi. Vyote viwili ni moto usio na dohani, yaani moto usio na bomba la kuyatoa nje yale unayoyazalisha. Yanayotoka motoni hubaki chumbani, nanyi mliomo humo mnayavuta.

Tulivyokosea asubuhi moja

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi ya mwezi wa Julai, waliletwa katika zahanati niliyokuwa nikifanya kazi mama mmoja na watoto wake wawili. Mama alilalamika kwamba kichwa kinampasuka, na alikuwa akitapika. Binti yake wa miaka kumi hivi alikuwa amelegea kama mlevi, akisimamishwa anaanguka. Yule mdogo alikuwa amelala tu, akiitwa haitikii. Tuliwapima joto, hakuna hata mmoja aliyekuwa na homa. Hata hivyo mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kuandika dawa za malaria, maana kichwa na kutapika kwetu huwa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenzangu yeye alikuwa anauliza walikula nini jana usiku. Nje, chini ya mti, majirani walikwisha kuanza kunong'ona: watu watatu wa nyumba moja, usiku mmoja, hapo kuna mkono wa mtu.

Aliyetuokoa ni bibi aliyewasindikiza. Aliingia, akanyanyua khanga yake na kunionyesha mguu wenye lengelenge. “Mwanangu,” akasema, “mbona hamuulizi habari za jiko? Mimi nimeungua nilipoingia kuwatoa. Walilala nalo.”

Mtungi wetu wa oksijeni ulikuwa mmoja na barakoa moja. Tulimwekea mtoto kwanza, tukawatoa wengine barazani kwenye hewa safi, tukatafuta gari la kuwapeleka hospitali. Wote watatu walipona. Lakini nusu saa nzima ilikuwa imepotea kwa sababu sisi wauguzi tuliuliza mambo yote isipokuwa jiko. Ndiyo maana naandika somo hili.

Hewa isiyoonekana

Kuni, mkaa, mafuta ya taa, petroli au gesi, vyote vikiungua kwa hewa ya kutosha hutoa hewa ukaa, mvuke wa maji na joto. Vikiungua kwa hewa pungufu hutoa pia hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hii si hewa ukaa tunayoitoa puani, ingawa majina yake yanakaribiana. Ni sumu kali. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwashi macho wala kukereketa koo. Moshi wa kuni mbichi hukufukuza chumbani kwa machozi na kikohozi. Kaboni monoksaidi haimfukuzi mtu. Inamlegeza akiwa amekaa.

Inafanya kazi gani mwilini? Ndani ya damu mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho ni kama mchukuzi wa sokoni. Kinapakia oksijeni mapafuni, kinaipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote, kinarudi kupakia tena. Lakini kaboni monoksaidi inapofika mapafuni, himoglobini huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mchukuzi anajitwika mzigo usio na faida na hataki kuutua. Hivyo mtu anavuta pumzi vizuri, kifua kinapanda na kushuka, na bado ubongo wake unakufa kwa kukosa oksijeni.

Hata baada ya kutolewa nje, mzigo huo hautuliwi mara moja. Kwa hewa ya kawaida huchukua kama saa 4 hadi 6 kwa sumu iliyomo katika damu kupungua kwa nusu. Mgonjwa akipewa oksijeni tupu kwa barakoa inayobana vizuri, muda huo hupungua hadi saa moja au moja na nusu. Kwa hiyo mtu aliyezimia hapaswi kulazwa tu kivulini “apate upepo”. Anahitaji oksijeni ya hospitali, na mapema.

Nani huumia upesi zaidi? Mtoto mdogo, maana anapumua haraka kuliko mtu mzima. Mzee, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye upungufu wa damu au selimundu. Zaidi ya wote, mtoto aliye tumboni: damu yake huishika sumu hii kwa nguvu kuliko ya mama yake na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kuamka na kichwa kinauma kidogo tu, kumbe aliye tumboni ameumia vibaya.

Mkaa uliokolea una hatari yake

Nyumbani wengi tumefundishwa hivi: washa jiko nje, subiri moshi uishe na mkaa ukolee, ndipo uingize ndani. Ushauri huu una nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayotuponza. Ni kweli moshi umekwisha. Sumu haijaisha.

Litazame jiko lililokolea gizani. Juu ya mkaa mwekundu utaona vimiali vidogo vya buluu vinachezacheza. Hiyo ndiyo kaboni monoksaidi yenyewe inaungua. Chini ya jiko, hewa inapoingia, mkaa unaungua na kutoa hewa ukaa. Hewa hiyo ikipanda katikati ya makaa yenye moto mkali hugeuka kuwa kaboni monoksaidi, na ikifika juu penye hewa na joto la kutosha inaungua kwa miali ya buluu. Baadaye jiko likipoa kidogo, vimiali vile hutoweka. Watu hufikiri moto sasa umetulia, umekuwa salama wa kulala nao. Kumbe sumu inaendelea kutoka, ila sasa haiungui. Inapanda chumbani ilivyo. Tena wapo wanaofukia makaa kwa majivu ili yadumu hadi alfajiri. Moto uliofukiwa unakosa hewa, na moto unaokosa hewa ndio hasa unaozalisha sumu hii.

Mzee mmoja aliwahi kunibishia kwa haki kabisa: “Babu zetu walilala na moto katikati ya nyumba miaka yote, mbona hawakufa?” Swali zuri. Nyumba ya babu iliezekwa kwa nyasi, na moshi ulipenya juu mpaka paa likawa jeusi. Nyumba ile yote ilikuwa dohani. Hata hivyo haikukosa madhara, maana macho na mapafu ya bibi zetu yaliumia kwa moshi. Nyumba ya leo ina bati, dari, plasta ya saruji, madirisha ya vioo na mlango unaobana, na chini ya mlango tunakunja gunia ili baridi isiingie. Tumebadilisha nyumba, lakini namna ya kuota moto tumeiacha ileile.

Hata mahali penye dohani, ikiziba ni sawa na kutokuwa nayo. Mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alifariki hivyo nyumbani kwake Paris mwezi wa Septemba 1902. Alilala chumbani penye moto ambao dohani yake ilikuwa imeziba. Mke wake alikutwa mahututi katika chumba hichohicho, akanusurika. Kwa hiyo wenye majiko ya kuni yenye bomba wakumbuke kulisafisha masizi na viota vya ndege kabla ya baridi kuanza.

Mama aliyejifungua

Hapa naomba akina mama wakubwa wa familia, wakwe na mashangazi, wanisikilize kwa uvumilivu. Mahali pengi mama aliyetoka kujifungua huwekewa jiko chumbani, pengine hata chini ya kitanda, na mlango ukafungwa ili upepo usimpate. Nia ni njema kabisa: mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na baridi inaweza kumuua. Lakini chumba hicho kina watu wawili walio dhaifu kuliko wote nyumbani, na mmoja wao hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma.

Joto bora la mtoto mchanga ni kifua cha mama. Mvueni nguo, abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili kwa khanga na blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Hospitali hutumia njia hii hata kwa watoto njiti. Mama akichoka, baba au bibi anaweza kupokea. Kifua cha baba nacho kina joto. Maji ya kumwogesha mama yachemshwe jikoni, na jiko libaki hukohuko.

Hita ya gesi

Siku hizi mitungi ya gesi imeenea hata vijijini, ile ya kilo 6 na ya kilo 15, na hita za gesi za kupashia chumba joto zinauzwa mijini. Hita nzuri, ikifungwa vizuri na kutumiwa vizuri, hutoa sumu kidogo sana kuliko jiko la mkaa. Lakini nayo ni moto usio na dohani, na inakula hewa ileile mnayoivuta.

Tufanye hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina mita za ujazo 22.5 za hewa. Hita ya kilowati 3 huunguza karibu robo kilo ya gesi kwa saa, na kwa hiyo humaliza oksijeni iliyomo katika mita za ujazo 3 hivi za hewa. Kama chumba kingekuwa kimezibwa kabisa, kwa saa moja tu oksijeni ingeshuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 18. Na jinsi oksijeni inavyopungua ndivyo moto unavyozidi kuungua vibaya na kutoa kaboni monoksaidi. Saa hiyohiyo hita inatoa pia zaidi ya theluthi moja ya lita ya maji kwa umbo la mvuke. Ndiyo sababu mkitumia hita kila siku mnaona jasho kwenye vioo na ukungu mweusi kwenye kona za dari. Mkiona hivyo, jueni chumba hakipumui.

Wengi husema, “Gesi ina harufu, ikizidi nitaamka.” Hapana. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu. Viwanda huitia dawa yenye harufu kali ili ikivuja tuijue. Ikishaungua, harufu hiyo inaungua pamoja nayo, na kaboni monoksaidi inayotoka motoni haina harufu yoyote. Basi hatari ni mbili: gesi mbichi inayovuja, ambayo hunuka na inaweza kulipuka, na sumu ya moto unaowaka vibaya, ambayo hainuki kamwe. Pua itawasaidia kwa ile ya kwanza tu.

Mnaponunua hita, ulizeni kama ina kidude cha kuzima gesi oksijeni inapopungua. Hukaa kando ya kimoto kidogo cha kuwashia, na hukata gesi oksijeni ikishuka hadi kama asilimia 18. Isiyo na kidude hicho msiinunue, hata kama bei yake ni ya kutupa. Lakini fahamuni kwamba kidude hicho hakipimi sumu, kinapima upungufu wa oksijeni tu, na vumbi au utando wa buibui unaweza kukiharibu. Tena someni karatasi ya mtengenezaji kuhusu mwinuko. Hita nyingi za aina hii zina kikomo cha mwinuko kutoka usawa wa bahari, maana huku juu hewa ni nyepesi: uwanda wa Kitulo, wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, una kama robo tatu tu ya oksijeni iliyoko pwani katika kila pumzi. Hita iliyowaka vizuri dukani Dar es Salaam yaweza kuzimikazimika ikifika Makete. Asitokee fundi wa kuwaambia “tukitoe hiki kidude, ndicho kinachosumbua”. Akifanya hivyo ameondoa kinga yenu pekee.

Kuifunga kunahitaji subira kuliko ufundi. Mtungi usimame wima daima. Regulata iwe ya mtungi ule, isilazimishwe. Mpira uwe wa gesi, usiwe wa maji wala wa kufyonzea petroli, na ufungwe kwa vibano kila upande. Ukionyesha nyufa au umekauka, ukatupwe. Kila mnapobadilisha mtungi, chovyeni sifongo katika maji ya sabuni, mpake kwenye maungio yote huku koki ikiwa wazi na moto haujawashwa. Povu likivimba, gesi inavuja. Kupima kwa kiberiti ni kucheza na maisha. Nimewahi kumfunga bandeji kijana aliyefanya hivyo, nyusi zake zilichukua muda kurudi.

Hita ikae mbali na pazia, kitanda na makochi, angalau mita 1 mbele yake pawe wazi. Chandarua kisiwe karibu nayo kabisa. Msianike nguo za mtoto juu yake. Iwashwe sebuleni wakati watu wako macho, dirisha likiwa wazi kidogo upande mmoja na mwanya wa hewa ukiwa wazi chini upande mwingine, ili hewa chafu itoke na safi iingie. Ndiyo, joto kidogo litapotea. Hiyo ndiyo gharama ya kutokuwa na dohani. Chumba cha kulala na bafu si mahali pake. Huko Marekani, ambako hita hizi zimetumika miaka mingi, kanuni za gesi zinazofuatwa mahali pengi huruhusu chumbani mwa kulala hita moja ndogo tu ya ukutani, isiyozidi kilowati 3 hivi na yenye kidude nilichokitaja. Hita yenu ya magurudumu yenye mtungi mgongoni si hiyo.

Angalieni rangi ya moto. Miali iwe ya buluu na imetulia (zile hita zenye vigae, vigae viwe vyekundu sawasawa). Miali ikiwa ya njano, ikirukaruka au kuacha masizi, zimeni mpaka fundi aisafishe. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza kila mwaka ipangusweni vumbi, maana imekaa stoo miezi minane.

Jambo moja la huku kwetu tu: usiku wa baridi kali gesi hutoka kwa unyonge, kwa sababu sehemu ya gesi hiyo iitwayo buteni haigeuki kuwa mvuke vizuri ikikaribia nyuzi 0. Nimesikia watu wanausogeza mtungi jikoni upate joto, au kuuzungushia makaa. Msifanye hivyo hata siku moja. Uwekeni tu mahali pasipo na upepo. Na jiko la gesi la kupikia lisigeuzwe hita. Halikutengenezwa kwa kazi hiyo, halina kidude cha kulizima, na usingizi ukiwachukua linaendelea kuwaka.

Kuitambua sumu, na la kufanya

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchoka na miguu kukosa nguvu. Ndiyo, ni dalili za malaria, za mafua, za chakula kibaya. Tofauti ziko tatu na zikariri: hakuna homa, wanaoumwa ni wengi kwa wakati mmoja, pengine hata paka, na wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi ndani inaanza tena. Sumu ikizidi mtu anachanganyikiwa, anasinzia, anaanguka. Wengi hugundua kuna hatari, wanataka kuufikia mlango, na miguu inakataa.

Mkiwakuta watu katika hali hiyo, fungueni mlango wazi, vuteni pumzi ndefu nje, ingieni, mtoe watu kwanza. Jiko litolewe baadaye. Mwokoaji asikae ndani akipiga kelele na kuwatikisa, maana anaweza kulala palepale pamoja nao. Pakiwa na harufu ya gesi mbichi, msiwashe kiberiti, tochi wala swichi ya umeme. Fungeni koki ya mtungi kama mnaweza kuifikia, na kumbukeni gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Asiyepumua apuliziwe hewa mdomoni na kukandamizwa kifua kama mlivyofundishwa. Anayepumua lakini hajitambui alazwe ubavu. Kisha hospitali, hata yule anayesema amepata nafuu, na hasa mjamzito.

Mkifika, semeni neno hili mlangoni kabla ya jina na kadi: “Walilala na moto ndani.” Mhudumu akibana kile kipimo cha oksijeni kidoleni na kuona 98, mwombeni kwa heshima asiridhike. Kipimo cha kawaida cha kidole hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi, na kitaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Wiki chache baada ya kupona, mwangalieni mgonjwa. Wengine huanza kusahau, kubadilika tabia au kutembea kwa shida hata baada ya siku ishirini au thelathini. Wakirudishwa hospitali mapema wanaweza kusaidiwa. Msiseme amepata wazimu.

Tunayoulizwa mara kwa mara

Je, maziwa huondoa sumu hii? Hapana. Sumu imo katika damu, haimo tumboni. Na aliyezimia akinyweshwa maziwa yanaweza kuingia mapafuni yakammaliza.

Je, karai la maji chumbani hunasa sumu? Hapana. Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji ila kidogo mno.

Je, kulala chini sakafuni ni salama kuliko kitandani? Hakuna tofauti, kwani uzito wake unakaribiana na wa hewa na hujaza chumba kizima.

Nikiacha dirisha wazi naweza kulala na jiko la mkaa? Hapana. Dirisha lililo wazi saa 3 usiku, saa 8 mtu hulifunga kwa baridi akiwa nusu usingizini.

Je, kuna kengele ya kutuonya? Ipo, inauzwa katika miji mikubwa, na mwenye hita ya gesi angefaa kuinunua siku anayonunua hita. Hakikisheni imeandikwa kuwa ni ya kaboni monoksaidi, kwa sababu kengele ya moshi haiisikii hewa hii.

Tulaleje basi usiku wa baridi? Oteni moto pamoja jikoni au sebuleni, dirisha likiwa wazi, mkipiga soga. Saa ya kulala jiko litoke nje kabisa, lisiishie kwenye korido. Jazeni maji ya moto katika chupa ngumu, mfunge kifuniko vizuri, mzungushie soksi nene na kuiweka miguuni kwenye kitanda. Chini ya godoro wekeni mkeka au magazeti yaliyopangwa, maana baridi nyingi hutoka kwenye saruji. Watoto wavae kofia na soksi. Na tusisahau generata: baadhi ya watu, wakiogopa wezi, huiwasha ndani au kwenye veranda iliyofungwa. Injini yake hutoa sumu hii kwa wingi.

Ya kuzungumza katika familia na jumuiya

1. Jana usiku jiko lenu lilizimwa saa ngapi, na lililala wapi?

2. Katika jumuiya yenu, nani amejifungua karibuni au anatarajia kujifungua miezi hii ya baridi? Nani atakwenda kuzungumza na mkwe wake kuhusu jiko la chumbani, na kwa maneno gani?

3. Je, wapo wazee wanaoishi peke yao ambao hawana blanketi la pili? Jumuiya inaweza kufanya nini kabla Julai haijafika?

4. Zahanati iliyo karibu nanyi ina mtungi wa oksijeni? Una hewa ndani? Nani atakwenda kuuliza?